Kibombo au Kolwezi: Usiulize Mshahara Kwanza

Vijana wa Kibombo, na ninyi wazazi wao mnaowasukuma kwa mkono mmoja na kuwavuta kwa mwingine, maneno haya ni yenu. Jambo lenyewe mnalijua. Kijana amemaliza masomo, ana diploma yake ya umeme, ya uuguzi au ya ualimu. Amepata nafasi huku kwetu, katika kituo cha afya kando ya reli, katika shule ya misheni, au katika ofisi fulani Kindu, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Hajaikubali bado, na tazama, mjomba aliyeko Kolwezi anapiga simu: kuna kampuni inatafuta watu, njoo upesi, nafasi zinajaa. Basi nyumba nzima inakaa barazani na kuuliza swali moja tu: wapi wanalipa zaidi?

Swali hilo si baya, ila linaulizwa mapema mno. Mshahara ni hesabu iliyoandikwa, na haina maana mpaka ujue utakatwa nini kabla haujafika mkononi, na utapita njia gani mpaka umfikie mama yako. Mimi nasema itangulie njia ya kurudi nyumbani, ifuate karatasi ya mkataba, aulizwe na yule utakayeishi naye au utakayemwacha. Mshahara uje nyuma ya hayo. Najua wapo watakaosema mwandishi ana shibe ndiyo maana anasema hivi. Wasome kwanza.

Sisi watu wa Maniema mambo ya njia hatuhitaji kufundishwa. Tangu 1911 gari la moshi lilikuwa likitoka Kindu, likipita Kibombo, likifika Kongolo, ili kuyakwepa maporomoko ya Lualaba ambayo meli haziyawezi. Mwaka 1956 reli ya Kabalo ikaunganishwa na ya Kamina, na hapo mtu wa kwetu akaweza kwenda Katanga kwa reli moja kwa moja. Wazee wetu walijua siku ya kuondoka, na walijua kwa kadiri siku ya kufika. Kisha yakaja mabehewa yasiyotengenezwa, ikaja vita ya 1998 hadi 2003 iliyoikata njia, na leo shirika la reli, SNCC, lina reli ileile lakini treni huja siku inayojaliwa. Abiria hubeba unga, sufuria na mkeka, kwa sababu hajui atalala usiku mara ngapi katikati ya pori. Ndege ipo Kindu, lakini nauli yake inameza zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu, na kabla ya kuipanda ni lazima kwanza ufike Kindu.

Kutoka Kibombo mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 700 hata kama ungepita angani kama kunguru. Mto wetu wenyewe unatoka huko juu, katika nyanda za Katanga, na mkoa wa Kolwezi umepewa jina la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Maji yanateremka mpaka kwetu bila tiketi. Mtu hawezi.

Kwa hiyo, kijana, swali lako la kwanza liwe hili: mama akifariki Jumatatu, nitafika siku ya ngapi? Uliza kwa sauti, mbele yake, naye akiwa mzima. Ukijibiwa kwamba utafika baada ya arobaini, usikatae kazi kwa ajili hiyo peke yake, lakini ujue unatia sahihi juu ya nini. Fedha za msiba siku hizi zinafika kwa simu kwa muda mfupi, ikiwa mtandao upo na wakala ana taslimu. Mwana hatumwi kwa simu. Na mzazi aliyemfukuza mwanawe aende Kolwezi kutafuta dola asije akalalamika kilioni kwamba mtoto hakuonekana.

Sasa mkataba. Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoumia, tena wanaumia bila kujua kwamba sheria ilikuwa upande wao.

Mjomba anaposema «kampuni», kijana anafikiria mgodi mkubwa wenye jina linalotajwa redioni. Mara nyingi siyo. Anayekuajiri ni kampuni ya kati, inayokodisha watu kwa mgodi. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na wanasheria wa Kolwezi, walichunguza migodi mikubwa mitano ya kobalti na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa chini ya kampuni za namna hiyo. Unavaa kofia ya mgodi, unaingia lango la mgodi, unavuta vumbi la mgodi, lakini siku ukivunjika mguu mgodi unasema hukujui. Sisemi kampuni za kati zote ni mbaya. Zipo zinazolipa kwa wakati na kuwaandikisha watu wao CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nasema jina lililo juu ya karatasi ndilo linalokulipa, si lile lililo juu ya lango.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina vifungu viwili ambavyo ningependa visomwe kanisani na msikitini kabla ya matangazo ya ndoa. Kifungu cha 40 kinamhusu kibarua wa kutwa: akiisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huyo si kibarua tena, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Wangapi wamefanya kazi miaka miwili wakiitwa vibarua? Kifungu cha 41 kinasema mkataba wa muda maalumu usizidi miaka 2. Lakini mfanyakazi akiwa na ndoa naye ametenganishwa na jamaa yake, usizidi mwaka 1.

Tukae kidogo juu ya huo mwaka mmoja, maana watunga sheria hawakuuokota barabarani. Kampuni ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906 na kuanza kuchimba shaba, ilitaka wanaume, basi. Iliwatafuta Lomami, na katika miaka ya 1920 ikawaleta hata kutoka Ruanda-Urundi, watu wa milimani waliozoea maharagwe na ndizi, wakatupwa kambini peke yao. Waliugua, walikufa kwa wingi, na waliobaki na nguvu walitoroka. Kampuni haikuwa na huruma, ila ilijua hesabu: kumleta mtu mpya kila mara kulikuwa na gharama kubwa kuliko kumtunza aliyepo. Ndiyo sababu karibu na 1928 ikageuza mwendo. Ikatoa mikataba ya miaka 3, ikataka mfanyakazi aje na mke wake, ikajenga nyumba, shule na hospitali. Kampuni ya kikoloni, iliyompima mtu kwa tani za shaba, iligundua kwamba mume asiye na mke hafanyi kazi sawasawa. Nasi leo, watu huru, tunamwambia kijana mwenye mke na watoto wawili: nenda peke yako, jamaa watakufuata mambo yakitengemaa. Yatatengemaa lini? Mke anabaki Kibombo analima peke yake, watoto wanamjua baba kwa sauti ya simu, na huko Kolwezi mume anaanza nyumba ya pili. Kila mmoja wetu anaweza kutaja majina, nayaacha.

Jambo jingine la sheria hiyohiyo, nalo ndilo lisilojulikana kabisa: mtu akiajiriwa mahali pamoja ili akafanye kazi mahali pengine, gharama za safari yake, za mwenzi wake na za watoto wake ni juu ya mwajiri, kwenda na kurudi. Angalia hila iliyopo hapo. Kijana anauza mbuzi, anajilipia nauli, anafika Kolwezi, anapanga foleni langoni, anaandikwa. Mkataba wake unasema ameajiriwa Kolwezi. Tangu saa hiyo, mbele ya sheria, yeye hakutoka mbali, na hakuna anayedaiwa nauli ya kumrudisha. Angekuwa na subira, akaomba barua na mkataba vimfikie akiwa bado huku, pangeandikwa Kibombo. Tofauti ya neno moja katika karatasi ni nauli ya watu wanne.

Baada ya kusema hayo, nisije nikahesabiwa miongoni mwa wale wanaowafunga vijana nyumbani kwa methali. Usiache mbachao kwa msala upitao, wanasema. Vema, kama mbacha upo. Tuseme kweli juu ya kwetu. Mwalimu mpya anaweza kufundisha kwa muda mrefu bila jina lake kuingia katika orodha ya mishahara ya Serikali, akiishi kwa matumaini na kwa shamba la mke wake. Muuguzi wa kituo cha vijijini anategemea kile ambacho mgonjwa ameweza kulipa, naye mgonjwa ni jirani. Fundi wa umeme atatengeneza nini mahali ambapo umeme ni jenereta ya misheni na paneli chache za jua? Ufundi usiotumika unakufa mikononi. Kijana kama huyo kumwambia abaki kwa kuwa ni kwao ni kumzika akiwa hai.

Lakini hesabu ya Kibombo ina upande ambao haupo katika karatasi ya mshahara. Ardhi ya ukoo ipo. Mpunga, ulioletwa na wafanyabiashara wa misafara ya Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, unakubali udongo wetu mpaka leo. Mihogo ipo, mawese yapo, samaki yupo. Kolwezi kila kitu ni cha kununua. Mwenye nyumba anataka malipo ya awali. Sheria ya 2015 inasema yasizidi miezi 3, naye anataka zaidi na huna pa kwenda. Bukari ya Katanga inategemea sana mahindi ya Zambia yanayopita Kasumbalesa, na kila Zambia inapobana mauzo, bei ya mfuko inaruka mara moja wakati mshahara umesimama palepale. Ongeza baridi ya Juni, ambayo mtu wa Kibombo haijui na hana koti lake. Toa hayo yote katika ule mshahara mkubwa, kisha linganisha kilichobaki na kile ambacho ungebaki nacho huku. Bado Kolwezi inaweza kushinda. Mara nyingine inashinda kwa dola chache kuliko nauli ya kurudi.

Na shaba ina misimu yake. Kampuni ya Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikia hata 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa jina la «kuondoka kwa hiari», wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila kulipwa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Februari 2025 Serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na Oktoba ikaweka viwango. Labda ilikuwa hekima kwa taifa. Kwa kibarua wa kampuni ya kati, amri ya namna hiyo inaweza kuwa ndiyo barua ya kufukuzwa.

Tena kuna habari ya wenyeji. Mgeni ni kuku mweupe. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai kwa maelfu na maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko, watoto na wajukuu wa wale walioitwa na kampuni. Walilala stesheni wakingoja treni, na wengine hawakutoka stesheni hapo wakiwa hai. Sisi hatukufukuzwa, na Kiswahili kinatupa heshima kidogo mbele ya watu wa Katanga, lakini mtu mwenye akili hujenga urafiki na majirani kabla hajajenga nyumba.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Fundi ambaye hajaoa, mwenye ufundi unaotakiwa migodini, na mwenye mkataba mkononi, aende Kolwezi, tena aende bila kulia. Aende kwa miaka 2, ajifunze mashine ambazo Kibombo hazipo, aandikishwe CNSS, kisha afanye hesabu upya. Mwenye mke na watoto asiende bila wao; asipopewa nafasi ya kwenda nao, achukue kazi ya Kindu hata ikiwa ya malipo madogo. Muuguzi na mwalimu nawaomba wabaki, si kwa sababu ya mapenzi ya nchi, bali kwa sababu huko mjini watakuwa wa mia katika foleni, na huku hakuna wa kushika nafasi yao. Lakini wakuu wa afya na wa elimu Kindu wajue kwamba mtu haombwi abaki huku halipwi. Na asiye na mkataba, awe nani awe, asitoke.

Wazazi, msiuze baiskeli wala mbuzi kwa ajili ya simu ya mjomba. Mwambieni atume nakala ya mkataba. Ikifika, kaeni na mtu anayejua Kifaransa vizuri, someni kifungu cha 40 na cha 41, tafuteni jina la anayelipa, na angalieni kama mahali pa kuajiriwa pameandikwa Kibombo.