Kabla ya gwaride kuna kamati. Je, jina lako limo?

Kama unaishi Kibera na sherehe ya Jamhuri inafanyika Uhuru Gardens, huhitaji saa ya kukuamsha. Siku chache kabla ya Desemba 12, ndege za jeshi hupita juu ya mabati zikifanya mazoezi na watoto hutoka mbio kutazama. Siku yenyewe ikifika, kuna watu hutoka alfajiri kwa miguu kuwahi kiti. Nawe wa Kawangware pengine unatazama kwa TV ya kinyozi. Popote ulipo, kazi uliyoachiwa ni moja: kupiga makofi.

Sasa jiulize swali ambalo huulizwa mara chache. Nani alikaa chini akaamua ni kina nani wapite mbele ya jukwaa, hotuba itaje majina gani, na yapi yaachwe? Gwaride halianzi na bendi. Linaanza na kamati, tena miezi kadhaa kabla ya wewe kusikia ngoma ya kwanza. Ukikosa kwenye kamati, siku ya sherehe wewe ni mtazamaji tu.

Na usidhani kamati hizi ni vikao vya chai na mandazi. Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinataja siku tatu za kitaifa: Madaraka Juni 1, Mashujaa Oktoba 20 na Jamhuri Desemba 12. Katika miaka ya karibuni sherehe zimekuwa zikizungushwa kaunti kwa kaunti. Madaraka ilikwenda Kisumu 2021, Bungoma 2024 na Homa Bay 2025. Kila ilikokwenda, maandalizi yalikuja na kazi ya uwanja. Kwa hivyo wanaopanga kumbukumbu hupanga pia pesa ziende wapi. Wanaoachwa nje hukosa vyote viwili: historia yao haitajwi, na barabara yao haiguswi.

Mitaa yetu miwili haijakosa historia ya kuadhimisha. Uhuru Gardens, mahali bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, ni mwendo wa miguu kutoka Kibera. Aprili 24, 1954 wakoloni walianza Operesheni Anvil hapa Nairobi, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi walipitishwa kambi ya Lang'ata kuchujwa kabla ya kupelekwa Manyani na Mackinnon Road. Kibera yenyewe ilitengewa askari wa Kinubi waliotumikia kikosi cha King's African Rifles: ekari 4,197, mwaka wa 1918. Ilibidi wangoje hadi 2017 kupewa hatimiliki ya jamii, nayo ikawa ya ekari 288. Hebu niambie ni hotuba gani ya sherehe umewahi kuisikia ikizisoma namba hizo mbili pamoja.

Tuseme basi vijana wa Kibera na Kawangware wameamua kuwa na kamati yao, wapange msafara wao wa kumbukumbu. Mvutano wa kwanza utakuwa tarehe, na tusidanganyane, hapo ndipo siasa yote ilipo. Ukichagua mwaka wa 1918, mzee wa Kinubi atafurahi, lakini mpangaji ambaye wazazi wake walitoka Siaya au Busia atauliza yeye anahusika vipi. Ukichagua Aprili 24, kuna nyumba nyingi Kawangware zitakazokumbuka babu aliyebebwa kwa lori, ila jirani yao atasema hiyo ni ya Wakikuyu. Kila tarehe ina mwenyewe, na asiye mwenyewe hubaki kando akitazama.

Ndiyo maana vijana wengi wameshikilia siku mbili ambazo hazimuulizi mtu kabila. Julai 7, 1990 ndiyo Saba Saba ya kwanza. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi, wakatiwa kizuizini siku tatu kabla. Watu walikwenda hata hivyo, na wako waliouawa. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kikaondolewa kwenye katiba. Siku ya pili unaikumbuka mwenyewe: Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bunge wakipinga Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Lakini siku hizo mbili zina bei. Kumbukumbu ya kwanza ya Juni 25, mwaka wa 2025, iliua watu wasiopungua 16. Siku chache baadaye, Saba Saba ya mwaka huohuo, barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu vifo 31. Watu walitoka kukumbuka wafu, wakaongeza wafu. Mzazi anayekwambia ukae nyumbani siku hiyo usimwite mwoga. Ana sababu, na kamati yoyote yenye akili itaanza na hofu ya mzazi huyo.

Angalia hata maneno tunayotumia. Askari wakitembea barabarani kwa mpangilio, tunaita gwaride. Kijana wa Kibera akitembea barabara hiyohiyo na picha ya ndugu yake aliyeuawa, tunaita maandamano, na hapo hapo gesi ya machozi inatayarishwa. Sheria, hata hivyo, haisemi hivyo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka mwandalizi apeleke taarifa kwa maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa hiyo itaje jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita, na msafara uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Soma tena neno hilo: taarifa. Si ombi. Sababu ambayo sheria inampa mkuu wa kituo kukataa ni kwamba wengine wametangulia kutoa taarifa ya mahali na saa hiyohiyo. Najua utaniambia mambo ya barabarani si mambo ya kitabu, na hapo sikupingi. Lakini kundi lililopeleka karatasi na kubaki na nakala yenye muhuri lina kitu cha kuweka mbele ya hakimu. Kundi lililoitana usiku kupitia WhatsApp halina. Na muhuri huo hautafutwi na umati. Unatafutwa na kamati.

Njia nayo ina maana yake. Anza soko la Toi, toka Ngong Road, nenda Dagoretti Corner, kisha ushike Naivasha Road hadi Kawangware 56. Si mbali, boda hapo ni safari fupi. Lakini fikiria unapopita. Toi iliteketea katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wakati reli ya Kibera nayo iling'olewa. Kawangware ilishika moto Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio, majirani wakageukiana. Msafara ukitoka mtaa mmoja na kupokewa na mwingine, utakuwa umesema jambo ambalo hotuba ya uwanjani haijawahi kusema: kwamba tulichomeana, na tunakumbuka pamoja. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Vijana waliozoea kukaa kamati moja wakibishana kuhusu mahema na maji ya kunywa hawatakuwa rahisi kununuliwa wapigane.

Je, nani akae kwenye kamati hiyo? Familia zilizopoteza watu ziwe za kwanza, na jina la marehemu lisisomwe bila wao kukubali. Awepo mzee wa Kinubi, mama mboga wa Toi ambaye siku ya msafara hatauza, mtu wa boda na kijana mwenye ulemavu, kwa sababu njia ikipangwa na wenye miguu mizima tu, yeye ataachwa nyuma. Awepo mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu, maana mchango wa M-Pesa usioelezwa umeua kamati nyingi kuliko polisi.

Na mheshimiwa? Atembee, karibu sana, ila maikrofoni asipewe. Mitaani tunalijua hili: anayelipa mahema ndiye anayehutubu, na anayehutubu ndiye anayeamua tulikuja kukumbuka nini. Kama pesa za mahema hazipo, tukae juani. Bora jua kuliko kugeuzwa mkutano wa kampeni mbele ya mama anayelia.

Kwa hivyo usingoje bango. Wiki hii kaa na watu wanane, wanne wa Kibera na wanne wa Kawangware, mkubaliane mambo matatu tu: tarehe gani, njia gani, majina ya nani. Mkishindana kuhusu tarehe msiogope wala msivunje kikao, kwa sababu huo ubishi ndio historia yenyewe, na safari hii utakuwa mezani ukibishana.