MGENI WA CHUO KIKUU NA KARANI WAKE

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Wako watakaouliza, mtu wa reli ana neno gani juu ya wageni wa Chuo Kikuu? Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la 8 tu, na kazi yangu ni kuunganisha mabehewa. Lakini jambo hili lilipita mlangoni mwangu, nami nikaona haya mbele ya mzee wa watu. Kwa hiyo naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu.

Shemeji yangu ni karani katika idara ya chuo kikuu kimoja. Barua yake ya kuajiriwa yasema kazi yake ni kupokea barua, kupiga chapa na kutunza mafaili. Haisemi neno juu ya kutengeneza mambo ya wataalamu wanaokuja kutoka ng'ambo. Hata hivyo wageni hao huja kila mwaka, na kila mgeni huwekwa juu ya meza yake. Mwalimu mwenyeji humwambia, "Mama, mtazame huyu," kisha huenda zake.

Tusidhani kwamba kumtazama ni kumtilia chai. Mtaalamu wa kigeni hawezi kuingia Kenya na kalamu yake akaanza kuuliza watu maswali. Kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013, sharti apate leseni ya utafiti kutoka NACOSTI. Ili apate leseni, sharti awe na barua ya chuo au shirika la hapa nchini linalomkubali kuwa mgeni wake, na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kuingia nchini nako kuna karatasi zake. Tangu Januari 2024 wageni wengi wa kutoka ng'ambo huomba idhini kwa mtandao kabla ya kupanda ndege, na anayetaka kukaa miezi mingi ana mambo mengine ya kumaliza na watu wa Uhamiaji. Tena leseni ikiisha kupatikana, mgeni hupaswa kutoa habari kwa Kamishna wa Kaunti na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kuanza kazi mahali pale.

Sisi watu wa mabehewa twalijua jambo hili vizuri. Karatasi hizi hufungana moja na nyingine kama gari zima. Ndoano moja ikiwa haikushika, injini itakwenda na mabehewa yatabaki. Shemeji alinionyesha maombi yaliyorudishwa kwa sababu pasipoti ya mgeni ilikuwa na majina matatu na barua ya idara ilikuwa na mawili. Basi ikaandikwa barua mpya, ikatafutwa sahihi mpya ya mkuu wa idara, naye mkuu alikuwa safarini. Siku kumi zikapotea kwa jina moja.

Sasa niwaeleze lililonipata. Mwaka uliopita alikuja mtaalamu kutoka Uingereza, anachunguza maisha ya watu wa reli wa zamani. Shemeji akaniomba nimtafutie mstaafu wa kuzungumza naye. Nikaenda upande wa Eastlands kwa mzee mmoja ambaye katika ujana wake alichochea moto katika injini za mvuke, zama za East African Railways. Mzee akakubali. Tukaweka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na shemeji akaandika katika daftari lake, jina la mzee na namba ya simu.

Jumatatu jioni mwalimu mwenyeji akamwambia mgeni, "Kesho tutakwenda kwanza kumwona mtu mkubwa fulani, huyo mzee atangoje Alhamisi." Hakumwambia karani. Na karani siku ile ya Jumanne alikuwa wapi? Alikuwa amepanga foleni tangu asubuhi katika ofisi nyingine, akifuata karatasi za mgeni huyo huyo.

Mimi nilipopita kwa mzee baada ya zamu yangu, saa kumi, nilimkuta bado ameketi sebuleni. Amevaa koti, amefunga tai, na juu ya meza ameweka cheti chake cha utumishi na picha za wenzake, wengi wao wamekwisha kufa. Chai ilikuwa imepoa katika chupa. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, mngeniambia si leo, nisingewaita wajukuu waje kusikiliza." Nilikosa pa kutazama.

Kisha mzee alipokataa kuonana na mgeni siku ya Alhamisi, mwalimu alikasirika, na barua ya onyo ikaandikwa. Aliandikiwa nani? Karani. Kosa lake ni "kutotengeneza miadi sawasawa."

Ndugu, hapa ndipo penye neno langu. Yule aliyebadilisha miadi hakuandikiwa barua. Yule aliyeandika daftari vizuri ndiye aliyeandikiwa. Katika reli mtu mmoja hawezi kubadilisha njia ya gari kwa kumnong'oneza dereva, stesheni ijayo isijue. Akifanya hivyo watu watakufa, naye atasimamishwa mbele ya baraza la uchunguzi. Miadi haiui mtu, hiyo ni kweli. Lakini huvunja heshima ya mtu, na heshima ya mzee ikivunjika huwezi kuitengeneza kwa barua.

Wako wenzetu wanaosema, "Hayo ni mambo ya wasomi, sisi hayatuhusu." Sikubali. Habari za kazi ya baba zetu nyingi zimo katika vitabu vya wageni. R. D. Grillo aliandika kitabu juu ya watu wa reli wa Kampala, kikatolewa mwaka 1973. Frederick Cooper aliandika juu ya makuli wa bandari ya Mombasa na migomo yao, kikatolewa mwaka 1987. Wataalamu kama hao hawaanguki toka mbinguni mpaka sebuleni mwa mfanya kazi. Yuko mtu wa kuandika barua na wa kuonyesha mlango. Kazi yake ikiharibika, wazee wetu watafunga mlango, na yale wanayoyajua watakwenda nayo kaburini.

Wengine watasema kwamba karani ni karani, afanye aliyoambiwa. Haya, basi aambiwe kwa maandishi! Kazi inayochukua jioni zake na nauli yake si kazi ya kupita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hukaa miezi mitatu, na jembe lote hulimwa na karani.

Mimi naona mambo manne yafanywe, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kazi ya kutengeneza karatasi na miadi ya wageni iandikwe katika kazi za karani, na saa zake zihesabiwe. Akikaa mpaka usiku alipwe saa za ziada, na nauli ya kufuata karatasi itoke idarani.

Pili, mwalimu anayemwalika mgeni alete habari zake miezi miwili au zaidi kabla, pamoja na nakala ya pasipoti, ili majina yaandikwe kama yalivyo.

Tatu, pawe na daftari moja la miadi, na mtu mmoja wa kulishika. Mtu yeyote, hata awe profesa, asibadilishe saa bila kupitia daftari hilo. Na mwenye daftari apewe simu ya idara, awaambie watu wote, akianza na yule anayengoja nyumbani.

Nne, leseni ya utafiti yenyewe hudai mtafiti apeleke nakala ya ripoti yake NACOSTI. Idara nayo imdai nakala moja kwa ajili ya wale waliohojiwa. Mzee aliyevaa koti ana haki ya kuona lililoandikwa juu yake.

Chama cha KUSU huwatetea wafanya kazi wa ofisi za vyuo vikuu. Natumaini ndugu zetu wale watalichukua neno hili mezani wanapozungumza na waajiri, na sisi wa reli tuwaunge mkono. Shemeji amekwisha kujibu barua ile ya onyo, na nakala ya ukurasa wa daftari ameiambatisha. Bado anangoja jibu.

Nami Jumapili iliyopita nilirudi kwa mzee, sikuwa na mgeni wala kalamu. Nilikwenda kuomba radhi. Aliniwekea kiti, akaleta zile picha, akaanza kunitajia majina mmoja mmoja.

Wenu katika kazi,
Mwunganisha Mabehewa, Nairobi