Baba anaomba kibali cha kurudi kwao

Wiki hii naandika huku meza ya jikoni imejaa makaratasi: pasipoti ya baba, picha ndogo nne, barua ya pensheni, na kikombe cha chai kilichopoa. Baba yangu, mzaliwa wa Tanga, anaomba ruhusa ya kuishi Tanzania. Ndiyo, mmesoma vizuri. Anaomba.

Kwa wasiojua: Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Baba alichukua uraia wa Uingereza nikiwa na miaka sita, kwa ajili ya kazi, safari, na sisi watoto. Siku ile sisi tulikula keki, yeye Utanzania wake ukaishia hapo. Tangu wakati huo akienda kwao anaingia kama mtalii: viza ya dola 50, siku 90, basi. Hata alipokwenda kumzika baba mkubwa, alipanga foleni moja na watu wanaokwenda kuangalia simba.

Sasa ana miaka 66, ameacha udereva wa basi, na mama hatunaye tena. Anataka kurudi. Tukaangalia vibali vya ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B ni la walioajiriwa, na C ndimo walimo wastaafu, pamoja na wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Mstaafu anatakiwa kuonyesha kwamba ana kipato cha kumtunza. Na kibali si cha maisha, kina muda wake. Ukiisha, unaomba tena.

Najua kuna watakaouliza, mbona hadhi maalumu? Kweli, sheria imebadilishwa ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje wapewe hadhi hiyo. Si uraia, huwezi kupiga kura nayo, lakini ni afadhali kuliko utalii. Tunaifuatilia, na ikimfaa tutahamia huko. Mzee lakini hataki kukaa anasubiri.

Basi tukakaa kujaza fomu. Mimi ndiye mjaza fomu wa nyumba hii tangu nina miaka tisa, na wengi wenu mnaijua kazi hiyo: fomu za halmashauri, za shule, za daktari, mtoto anasoma, mzazi anaitikia. Nilidhani hii nayo ni kama zile. Mahali pa kuzaliwa: Tanga. Uraia: Uingereza. Hapo baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tukafika kwenye sababu ya maombi.

"Andika nimechoka na baridi," akasema.

Tukacheka. Halafu akasema taratibu, "Andika nimestaafu. Hiyo wataielewa."

Sasa niwaambie na upande wangu, kwa sababu sikuwa msafi. Usiku ule nilitafuta kila kitu kinachoweza kumkwamisha. Na vipo, hata nyie mnapaswa kuvijua kabla wazazi wenu hawajafunga mabegi.

Cha kwanza, pensheni ya serikali ya Uingereza. Kuipata kamili kwa utaratibu wa sasa kwa kawaida unahitaji miaka 35 ya michango. Baba anayo 31. Halafu ukihamia Tanzania au Kenya, wanakulipa, ila haipandi. Ukianza na pauni 150 kwa wiki, miaka 20 baadaye ni zilezile 150, hata kama bei za sokoni zimepanda mara tatu. Angehamia Marekani au Mauritius ingepanda kila mwaka, kwa sababu nchi hizo zina makubaliano na Uingereza.

Cha pili, matibabu. NHS ni ya wanaoishi Uingereza. Ukishahama moja kwa moja, ile haki ya kutibiwa bure hospitali inaondoka, pasipoti uwe nayo usiwe nayo. Baba ana presha na sukari. Dawa atanunua mwenyewe, au akate bima.

Nikampangia yote hayo asubuhi, na takwimu, na kalamu nyekundu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hata nilipokuja huku hesabu ilikataa."

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Hapa nikianguka bafuni leo Jumatatu, wewe utajua Jumapili ukija kula. Kule nikichelewa tu kufungua dirisha asubuhi, shangazi yako ameshagonga mlango."

Iliniuma, maana ni kweli. Nakaa dakika 40 kutoka kwake na ninakwenda mara moja kwa wiki, nikikumbuka. Zile takwimu zilikuwa sahihi, lakini nilizibeba kumzuia. Niliogopa nani atanirekebisha Kiswahili, nani ataniita kwa jina langu lote. Fomu zote nilizowahi kujaza zilikuwa za kutufanya tubaki huku. Hii ilikuwa ya kwanza ya mtu kuondoka.

Tumeituma Jumamosi. Kabla ya kutuma tumekubaliana mambo matatu: ataweka akiba ya tiketi ya kurudi ambayo haiguswi, mimi na kaka tutagawana bima, na tarehe ya kibali kuisha iko kwenye simu zetu zote watatu, ikumbushe miezi mitatu kabla. Na mimi nimeahidi kwenda Tanga kila mwaka. Viza ya dola 50, siku 90, nipange foleni na watu wa simba.

Kwenye kipindi kijacho tutaongea haya kwa kirefu. Kabla ya hapo, muulize mzazi wako swali moja tu: unataka kuzeekea wapi? Muulize, halafu nyamaza umsikilize. Mimi nilichelewa kuuliza.

Majibu yenu nayasubiri.