Ugonjwa haukate kontra: mambo ambayo mutumikaji anapashwa kujua

Huko Kolwezi, Likasi na Fungurume, mutumikaji akipata homa anahesabu kwanza makuta, dawa inakuja nyuma. Anaogopa kupoteza fashi yake, anajikaza, anapanda kamio na malaria ndani ya mwili. Ile njo hatari kwake na kwa wenzake wote.

Lakini sheria inasema nini? Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 iko wazi: ugonjwa haukate kontra, unaisimamisha tu. Wakati ule patro analipa sehemu mbili kati ya tatu za mushahara, na makuta ya watoto yote. Munganga, dawa na hospitali, kwa mutumikaji na jamaa yake, vinabakia juu ya patro. Anaweza kukata kontra sababu ya ugonjwa paka kisha miezi 6 mufululizo. Ikiwa ni ajali ya kazi ao ugonjwa wa kazi, kama vile mapafu yanayoharibiwa na vumbi la mawe, hata ile miezi 6 haimuruhusu. Hapo CNSS nayo inapashwa kuingia.

Basi, sababu gani watu wanaendelea kuogopa? Sababu wengi wanatumika na kontra fupi-fupi katika kampani ndogo zilizo chini ya zile kubwa. Hakuna mwenye kumufukuza mugonjwa; wanangoja tu kontra iishe, hawaiandike tena. Sheria inamulinda mutu wakati kontra ingali na uzima. Ni hapa sindikati zinapashwa kukaza.

Na wewe wa kibarua cha siku kwa siku, usijizarau: ukitumika siku 22 ndani ya miezi 2, na wakikuchukua tena mbele ile miezi iishe, sheria inakuhesabu mutumikaji wa kontra isiyo na mwisho. Andika siku zako.

Wachimbaji wa mikono hawana patro. Kwao, koperative ao likelemba ya ugonjwa njo inaweza kuchukua fashi ya mushahara.

Kwa jamaa: baba akilala, pelekeni mbio karatasi ya munganga kazini, mubakie na kopi yenye muhuri. Wakikatala, muende kwa delege wa sindikati, kisha kwa ispekta wa kazi. Maneno ya mudomo hayana nguvu mbele yake. Karatasi njo inasema.