Kibanda Umiza Hakizai Mwandishi

Nina ugomvi na watu wa aina mbili hapa Mwanza, na wote ni washikaji zangu. Wa kwanza wanasema kufunga safari kwenda nchi ya watu kutazama mpira ni ulimbukeni. Eti mpira si ule ule unaoonekana kibanda umiza pale Mabatini, tena umekaa? Wa pili wanasema watakwenda, ila siku wakipata mshiko wa kupanda pipa hadi majuu. Wanasubiri. Na wote hawa, ndugu msomaji, ni watunzi wa hadithi. Sasa soma hadithi zao za mpira uone: zote zina mtangazaji ndani yake!

Mshambuliaji "anaachia kombora", nyavu "zinatikisika", kipa "anabaki ameduwaa". Hakuna jasho la mtu wa jirani, hakuna foleni ya chooni, hakuna aliyeibiwa kiatu. Kamera ilichagua cha kuonyesha, mtangazaji akachagua cha kusema, mtunzi wetu akanakili. Huyo ni karani.

Chukua Juni 27, 2019. Taifa Stars ilikuwa imerudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Mjini Cairo ikakutana na Kenya. Tukaongoza kwa bao la Msuva, tukaongoza tena kwa la Samatta, tukalala 3-2. Hebu fikiri: watu wanaouziana mahindi na kuoana pale Sirari wanakwenda kumenyana Misri, kwenye mji wa mto ule ule unaotoka ziwani kwetu! Mtanzania wa jukwaani alikaa na nani? Baada ya filimbi alinuniana na Mkenya wake, au walitafuta chakula pamoja? Hiyo ndiyo hadithi. Kibandani sisi tulipata mabao matano na matangazo ya bia.

Na Lagos 1980 je? Matokeo tunayo: tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka huko, kila mzee analisimulia mpaka leo. Lakini Lagos yenyewe, nje ya uwanja? Wazee wanaondoka nayo, sisi tumeng'ang'ania visa vya mapenzi vya kuiga filamu.

Nyie wa pipa nao, nani aliwaambia nje ni Ulaya? Kwa mtu wa Nyamagana, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Basi hadi Sirari, unavuka, upo Isebania. Kampala? Meli ya usiku mpaka Bukoba, kisha Mutukula. Agosti 2025 CHAN ilichezwa Kenya, Uganda na hapa kwetu, na fainali, Moroko 3 Madagaska 2, ikapigwa Kasarani. Kijiweni kwetu alikwenda mtu mmoja tu, mama muuza dagaa, tena alikuwa kwenye biashara zake. Anasema alikaa na mgeni wa Madagaska, hawaelewani hata neno, wakagawana karanga mpaka Moroko walipofunga la tatu. Yule mgeni akamrudishia zilizobaki, akafunika uso. Dakika tano za mama yule zilishinda kurasa zetu zote za mwaka ule.

Utaniambia pesa. Kweli, pesa ni noma, sikatai, na hati ya kusafiria nayo ina gharama yake. Lakini jezi ya klabu ya Ulaya ya msimu huu unayo. Ya msimu uliopita pia unayo.

Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania fainali za Afrika za 2027. Wageni watakuja na kalamu zao, watatuandika wanavyotaka, halafu sisi tutalalamika kwamba wamekosea. Mimi hati yangu nimeshaiombea. Natafuta wawili wa kuchangia nao chumba Nairobi, wasiokoroma.