Kiwiko kisichonyooka nacho kina haki kwenye benchi

JICHO LA UPARENI
Na Elineema Mgonja

Vijana wanaopiga chuma mitaa ya nyuma ya stendi ya Same wana ubishi usioisha. Benchi lao limechomelewa kwa vyuma chakavu, fimbo ni bomba la maji, na kwenye ncha zake kuna makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mwamuzi hakuna. Kila anayeshusha bomba hadi kifuani na kulirudisha juu anahesabiwa, hata kama mgongo ameukunja kiasi kwamba paka angepita chini yake bila kuinama. Wengine wanasema hizo ni nguvu, wengine wanasema ni ujanja.

Shirikisho la dunia la mchezo wa kunyanyua vyuma, IPF, lilitoa jibu lake mapema mwaka 2023. Tangu Januari mwaka ule, chuma kinapofika kifuani, sehemu ya chini ya kiwiko lazima iwe usawa wa sehemu ya juu ya bega au ishuke zaidi ya hapo. Zamani ilitosha kichwa, mabega na makalio vibaki juu ya benchi, nyayo zikanyage sakafu, na mikono isishike chuma kwa upana unaozidi sentimita 81. Mwenye viungo laini aliyatimiza hayo yote, na bado chuma kikasafiri sentimita chache tu kabla ya taa nyeupe za waamuzi, yaani amekubaliwa, kuwaka.

Sisi wa Same ujanja huo tunaujua kutoka sokoni. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba amefanyiwa lumbesa miaka nenda rudi: gunia moja, bei ya gunia moja, ila juu limeongezwa mzigo mwingine na kushonwa kwa kamba. Benchi la mgongo uliokunjwa ni lumbesa iliyogeuzwa. Kilo zinasomeka zilezile, kazi imepunguzwa. Wakala wa Vipimo haukosei unapolikataza gunia lile, na kwa maoni yangu IPF nayo haikukosea ilipoamua kukiangalia kiwiko.

Tatizo ni kwamba kiwiko hakisemi kwa nini kiko pale kilipo. Kuna aliyechagua kukunja mgongo, na kuna mwenye mikono mifupi na kifua kipana ambaye, akishika chuma kwa upana aliouzoea, kiwiko chake hakifiki chini hata afanyeje. Huyu wa pili sina huruma naye sana. Asogeze mikono karibu, afanye mazoezi upya. Umbo si ulemavu, na mchezo wowote una maumbo unaoyapenda. Hakuna anayedai mlingoti wa mpira wa kikapu ushushwe kwa ajili ya wafupi.

Lakini yupo wa tatu. Huyu alianguka kutoka juu ya mparachichi kule Chome akiwa darasa la tatu, mfupa ukaunga vibaya, na mkono haukunyooka tena. Sheria inataka mwisho wa mnyanyuo viwiko vyote viwe vimenyooka na kukazwa. Kwa jicho la mwamuzi asiyemjua, kijana huyu hajamaliza kunyanyua. Kwa mwili wake, amefika mwisho wa safari. Sheria za IPF zimemfungulia mlango: asiyeweza kunyoosha kiwiko kwa sababu ya maumbile anapaswa kuwaambia waamuzi kabla hajanyanyua. Ningependa kila kocha alishike neno hilo, kabla. Ukiyasema baada ya taa nyekundu za kukataliwa, hata kama ni kweli, yatasikika kama kisingizio.

Wapenzi wa kriketi wanamkumbuka Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka. Mwaka 1995 pale Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alimkatalia mipira yake kwa madai kwamba anatupa badala ya kurusha kwa mkono ulionyooka. Kiwiko cha Muralitharan hakikunyooka tangu kuzaliwa. Ubishi ulidumu karibu miaka kumi. Wataalamu walipoleta kamera na vipimo, waligundua kwamba hata warushaji waliosifiwa kwa usafi walikuwa wanakunjua kiwiko bila macho kuona. Baraza la kriketi la dunia likaruhusu kiwiko kikunjuke hadi digrii 15, kwa wote. Muralitharan alistaafu kriketi ya Test mwaka 2010 akiwa na wiketi 800, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Hakupewa upendeleo. Kilichofanyika ni kwamba sheria ilipimwa, ikaonekana ilikuwa inawahukumu watu kwa macho tu.

Mahali ambapo jambo hili limefanyiwa kazi sawasawa ni kwenye unyanyuaji wa Paralimpiki. Mchezo wenyewe uliingia Tokyo mwaka 1964 kwa wanaume walioumia uti wa mgongo, wanawake wakaingia Sydney mwaka 2000. Mashindano ni ya benchi peke yake, na mnyanyuaji hulala na miguu yake juu ya benchi, akifungwa mikanda akipenda. Aliyepooza kwa polio, aliyekatwa mguu na mwenye kimo kifupi wote wanashindana pamoja, wakigawanywa kwa uzito tu. Sasa tazama namna udhuru ulivyogeuzwa kuwa namba. Kimo kifupi kwa mwanamume ni sentimita 145 au pungufu, kwa mwanamke 137. Kiwiko kinaruhusiwa kupungukiwa digrii 20 za kunyooka, si zaidi. Miguu inyooshwe, isipokuwa kwa mwenye sababu ya kitabibu iliyokwisha kuandikwa. Aliyekatwa mguu huongezewa kilo kwenye mizani kwa kiwango kilichowekwa, asije akashindana na wepesi wake wakati misuli ya juu ni ya mtu mzito zaidi.

Ukali huo una sababu. Sydney 2000, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Medali zilirudishwa, lakini walioumia ni wanamichezo wa kweli wenye ulemavu wa akili, waliofungiwa nje ya Paralimpiki hadi London 2012. Udhuru usiopimwa humnufaisha tapeli kwanza.

Afrika inaujua mchezo huu. Folashade Oluwafemiayo wa Nigeria alinyanyua kilo 167 Paris mwaka 2024, rekodi ya dunia. Jirani zetu Wakenya wana Hellen Wawira Kariuki, aliyerudi na shaba ya uzani mwepesi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Sisi London 2012 tulipeleka mtu mmoja, Zaharani Mwenemti, naye ni kwenye riadha ya kurusha, si kwenye benchi. Medali ya Paralimpiki Tanzania haijaipata bado.

Mabega ya kazi hiyo tunayo. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alipatikana mwaka 1996, lakini waliougua kabla ya hapo wako nasi, na wanazungusha baiskeli za mkono kutoka Kisima hadi sokoni kila siku, juani, na mizigo nyuma. Nani amewahi kumwalika hata mmoja wao alale kwenye benchi tuone?

Kwa hiyo ombi langu ni kwa ofisi ya michezo ya wilaya yetu, na kwa Mwanga pia. Bonanza lijalo liwe na benchi la walemavu. Urefu mita 2.1, upana sentimita 61 unaopungua hadi 30 upande wa kichwa, kimo kati ya 45 na 50. Mafundi wa kuchomelea hapa mjini wanaweza kulimaliza ndani ya wiki moja. Daktari au mtaalamu wa viungo awepo asubuhi, apime viwiko na kuandika anachokikuta, karatasi iwekwe mezani kwa waamuzi kabla chuma hakijaguswa. Na wale wa nyuma ya stendi waitwe kuja kuongeza makopo ya zege, ili ubishi wao nao upate mwamuzi.