Waitalia Walinda Mvinyo Wao, Sisi Kong'o Yetu Twaimwaga

Katika vilima vya Langhe, jimbo la Piemonte huko Italia, hukuzwa zabibu iitwayo Nebbiolo. Hiyo ndiyo hutoa Barolo, mvinyo mwekundu unaosifiwa na wajuzi wa dunia nzima. Ukiwa mchanga mvinyo huo hauvutii, kwani una ukakasi unaokamata ulimi mithili ya ndizi mbichi. Kwa hiyo sheria yao inaamuru usiuzwe kabla ya kutimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo ukae katika mapipa ya mbao. Zabibu nyingine haichanganywi humo hata kidogo, wala jina la Barolo halipewi mvinyo wa mashamba yaliyo nje ya vijiji 11 vilivyotajwa.

Sasa, ndugu msomaji, tutoke Italia tuje Homa Bay na Migori. Hapa nasi tuna nafaka yenye ukakasi, nayo ni mtama mwekundu. Wajaluo huuita mtama bel. Ukakasi huo huwachukiza ndege, hata shamba likasalimika pale ambapo mtama mweupe huliwa ukaisha. Kwa unga wa mtama na kimea cha wimbi, akina mama walitengeneza kong'o. Wazee waliketi katika duol wakakizunguka chungu kimoja, kila mtu na oseke yake, yaani mrija mrefu, wakanywa polepole huku wakizungumza mambo ya boma na kupatanisha waliokosana.

Je, kinywaji hicho kimepewa heshima gani? Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa. Ingawa chang'aa ni pombe kali ya kukenekwa, na kong'o ya mtama haikenekwi, machoni pa wengi zote mbili zilitiwa kapu moja. Sheria ya Vileo ya 2010 iliifuta ile ya 1980, lakini mazoea hayakufutika. Chungu kikionekana, wazo la kwanza ni kukimwaga.

Wako watakaoniambia kwamba pombe imebomoa nyumba nyingi na kupofusha vijana. Ni kweli, wala siusifu ulevi. Lakini pombe inayopofusha ni ile iliyotiwa sumu, isiyo na jina, isiyojulikana imepikwa na nani wala kwa kitu gani. Dawa yake ni kanuni, na kanuni haiwezi kukilinda kitu ambacho hakikubaliwi kuwapo.

Wengine watasema mtama umekwisha kupata soko. Bia ya Senator Keg imetumia mtama, na wakulima wa kwetu wakahimizwa kupanda aina ya Gadam. Fedha hizo zilikuwa za haki. Lakini mwaka 2013 bia hiyo ilipotozwa ushuru, mauzo yakaanguka, na mkulima wa mtama akaumia. Alibaki na mbegu aliyoletewa na soko lisilo mkononi mwake. Mbegu za kienyeji kama ochuti nazo husahaulika mtu asipozitia ardhini.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, tena imeiweka kazi hiyo chini ya shughuli za utamaduni. Basi kaunti zetu mbili ziitumie nafasi hiyo. Ziandike kong'o ni nini: nafaka gani, siku ngapi, usafi wa namna gani. Ziwape leseni akina mama wanaoijua kazi, na ziwalipe wakulima wanaotunza mbegu ya zamani.

Vilima vya Langhe viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, hapa Migori, zikafuata mwaka 2018, nasi tukashangilia. Yafaa tukumbuke kwamba mawe hukaa yenyewe karne nzima, lakini mbegu isipopandwa misimu michache tu, hakuna orodha itakayoirudisha.